Kiazi kitamu hudai subira

Aliyenena kwamba haraka haraka haina baraka huenda hakuwa na kiazi kitamu akilini. Hata hivyo, ni vigumu kupata chakula kinachoshuhudia neno lake kwa uwazi zaidi. Chukua viazi viwili vya shina moja, vilivyochimbuliwa siku moja kutoka tuta moja. Kimoja kikate vipande ukitie katika maji yanayotokota juu ya moto mkali. Kingine kifukie kizima katika majivu ya moto, ukiache humo kwa saa nzima na zaidi. Cha kwanza kitaiva, na njaa kitaiondoa. Cha pili kitatoa maji mazito mfano wa asali, yatakayochuruzika na kugandamana na ganda lake. Mbegu ni ile ile na udongo ni ule ule. Kilichotofautiana ni subira ya mpishi.

Nchi iliyoielewa siri hiyo na kuigeuza kuwa ustadi ni Japani. Huko, majira ya baridi yakiingia, magari madogo yenye majiko yaliyojaa kokoto za moto hupita mitaani polepole, na mchuuzi hunadi kwa sauti ndefu ya kuimba bidhaa moja tu: kiazi kitamu kilichochomwa. Siku hizi hata maduka makubwa yana majiko ya aina hiyo karibu na mlango, na wanaosimama hapo si maskini walioshindwa kununua mkate. Ni makarani wa ofisi, wanafunzi, na mabibi waliovalia makoti ya bei kubwa. Kwetu sisi, mama auzaye viazi vilivyochemshwa kando ya kituo cha basi hudhaniwa kuwa anawahudumia wasiojiweza. Kiazi ni jamaa mmoja huku na huko. Ni kitu gani basi kilichokipandisha cheo kule na kukishusha hapa?

Tusije tukadhani kwamba wenzetu wamejaliwa kiazi cha ajabu. Aina walizozizoea tangu zamani zina ganda jekundu linaloelekea zambarau, ndani ni nyeupe au za manjano, na zikiiva huwa kavu zenye unga. Mnunuzi wa Kisumu atafutaye rabuon nzuri, au yule wa Nyeri atafutaye ngwaci, angezitambua mara moja. Wala kiazi hicho hakikuzaliwa Japani. Asili yake ni bara la Amerika, nacho kilizunguka dunia kwa merikebu kabla ya kufika huko. Mwaka 1605, mtu aliyeitwa Noguni Sokan alikitoa Fujian, Uchina, akakipeleka visiwa vya Ryukyu, ambavyo leo ni Okinawa. Kutoka huko kilivuka hadi himaya ya Satsuma, kusini kabisa mwa Japani, ambako baharia Maeda Riemon anakumbukwa kwa kukileta kijijini kwake mwaka 1705. Watu wa Satsuma walikiita kiazi cha Uchina. Kilipotoka Satsuma kikaenda Edo, mji uitwao Tokyo leo, kikaitwa kiazi cha Satsuma, satsumaimo, na jina hilo ndilo lililobaki. Wachina nao walikuwa wakikiita kiazi cha wageni! Ni kama mtoto ambaye kila ukoo unaapa kuwa ni wa ukoo wa jirani.

Kilichokipa heshima ya kwanza ni njaa. Mwaka 1732 mashamba ya mpunga ya magharibi mwa Japani yaliharibiwa na hali mbaya ya hewa pamoja na wadudu, na watu wakafa kwa wingi. Satsuma, palipokuwa na viazi ardhini, palinusurika. Habari hizo zilipomfikia mtawala Tokugawa Yoshimune mjini Edo, msomi mmoja kwa jina Aoki Konyo alipewa kazi ya kukipanda kiazi hicho kwa majaribio katika sehemu za mashariki, na mwaka 1735 akafaulu. Watu wakambandika jina la Mwalimu Kiazi, na ndilo lililochongwa juu ya kaburi lake huko Meguro. Ningependa sana kumwona profesa wetu mmoja atakayeridhia kuzikwa chini ya jina kama hilo.

Lakini kisa ninachotaka msomaji akitazame kwa makini kiko umbali wa kilomita thelathini hivi kutoka katikati ya Tokyo, katika uwanda wa Musashino. Mahali penyewe huitwa Santome. Mwaka 1694 bwana wa Kawagoe, Yanagisawa Yoshiyasu, aliamuru nyika hiyo igawanywe kuwa mashamba, na kazi ikamalizika mwaka 1696. Ilikuwa ardhi isiyotamanika. Udongo wake ni majivu ya volkano, mwepesi, usio na rutuba na wa kupeperushwa na upepo, na maji yake yako chini sana. Mpunga usingeota hapo. Kila jamaa ilipewa kipande kirefu chembamba, upana mita 72 na urefu mita 675, yaani ekari 12 hivi. Mbele, kando ya barabara, ilijengwa nyumba. Katikati pakawa shamba. Nyuma kabisa ikapandwa miti ya kupukutisha majani, hasa mialoni. Hata leo, ukitazama picha ya mahali hapo iliyopigwa kutoka angani, utaiona mistari hiyo mitatu ikienda sambamba, ingawa sehemu ya msitu imekwisha kumezwa na viwanda na barabara.

Miti ile haikupandwa kwa ajili ya pambo. Kila mwaka, kwenye Januari na Februari, wenye mashamba huingia msituni, wakafagia majani makavu, wakayashindilia katika makapu makubwa ya mianzi na kuyarundika ili yaoze. Mboji hiyo ndiyo iliyotengeneza udongo wa Santome kwa zaidi ya miaka mia tatu. Mwaka 2023 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuingiza utaratibu huo katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Neno "kilimo hai" limekuja juzi tu, likifuatana na hati, mihuri na ada zake. Watu wa Santome walikuwa wakifagia majani tangu zamani kwa sababu hawakuwa na namna nyingine ya kula.

Ajabu ni jinsi majani hayo yanavyoafikiana na kiazi, kilichofika katika eneo hilo mwaka 1751. Mkulima wa Kakamega au wa Kirinyaga anajua kwamba kiazi kitamu kikinyweshwa mbolea nyingi ya kuzidisha majani hulewa: marando hutambaa shamba zima yakapendeza macho, lakini ukichimbua tutani hupati ila mizizi myembamba kama vidole. Wajapani husema kwamba marando yamepumbaa. Mboji ya majani haina ukali huo. Hulisha polepole, hulegeza udongo ili kiazi kinenepe bila kupindika, na hushika unyevu wakati wa kiangazi. Tena ina kazi ya pili isiyojulikana na wengi. Majani yakishindiliwa kitandani yakatiwa maji, huanza kuchacha na kutoa joto. Viazi vya mbegu hulazwa juu yake mwezi wa Machi, baridi ingalipo, vikachipua. Miche hukatwa na kupandwa Mei, na mavuno huanza Septemba. Kwa hiyo jani lile lile hukiatamia kiazi kikiwa mbegu na kukilisha kikiwa shambani.

Viazi vya upande huo vilikwenda Edo kwa mashua, vikishuka mto Shingashi, na huko jijini vikachomwa na walinzi wa malango ya mitaa waliotafuta senti za ziada wakati wa baridi. Ndipo wenye maneno wakatunga fumbo la kuvisifia. Katika misitu yao kuna njugu iitwayo kuri, inayochomwa na kupendwa sana. Sauti "kuri" huweza pia kuwa "ri tisa", ri ikiwa kipimo cha mwendo cha zamani cha karibu kilomita nne. Na "yori", yaani "kuliko", husikika kama "ri nne". Basi wakasema kiazi ni kitamu kuliko kuri, na tisa ukijumlisha na nne ni kumi na tatu, ambao ndio umbali wa kutoka Edo hadi Kawagoe kwa hesabu ya ri. Tarehe 13 Oktoba imefanywa kuwa siku ya kiazi kitamu nchini humo kwa ajili ya hesabu hiyo. Wauzaji wetu wangeweza kujifunza jambo hapo: bidhaa isiyo na msemaji haina bei.

Sitaki kumsahau Yamada Ichi. Alikuwa mke wa mkulima, si mtaalamu wa maabara. Mwaka 1898, akichimbua viazi katika mkoa huo huo wa Saitama, aliona baadhi yake vina ganda jekundu kuliko vingine, akavitenga, akavipika, akaonja, akavipanda tena. Aina hiyo, Beniaka, ndiyo iliyolipa eneo la Kawagoe sifa yake. Wataalamu wamezalisha nyingine nyingi baadaye, na ile inayotamba sasa, Beni Haruka, iliyosajiliwa mwaka 2010, ni laini yenye kunata badala ya kuwa na unga. Ladha za watu hugeuka. Mimi ningali upande wa unga.

Sasa tuingie jikoni. Kiazi kilichotoka ardhini leo kina wanga mwingi na sukari kidogo. Mkulima stadi wa Japani hawezi kukuuzia siku hiyo kama chakula cha kujivunia. Kwanza hukihifadhi mahali penye joto la nyuzi 30 hivi na unyevunyevu mwingi kwa siku chache, ili vidonda vya jembe vifunge na ganda liwe gumu. Kisha hukiweka katika nyuzi 13 hadi 15 kwa majuma kadhaa, hata miezi, na katika muda huo sehemu ya wanga hugeuka kuwa sukari taratibu. Kukitia katika jokofu ni kukiua. Baridi kali hukiozesha kutoka ndani.

Utamu mkubwa, hata hivyo, hutengenezwa motoni. Ndani ya kiazi mna kimeng'enya kiitwacho beta-amilesi, chenye kazi ya kuukata wanga kuwa sukari ya kimea. Mpika busaa anaifahamu kazi hii kuliko wasomi wengi, maana kimea cha wimbi hufanya jambo la namna hiyo hiyo katika uji wake. Lakini kimeng'enya hicho kina masharti. Wanga mbichi hakiuwezi. Hungoja ulainike na kuvimba kwa joto, jambo litokealo karibu na nyuzi 65 hadi 70. Na joto likipita nyuzi 80, chenyewe huharibika na kazi husimama. Ina maana kwamba utamu wote wa kiazi hupatikana katika kingo nyembamba, kati ya nyuzi 65 na 75 au zaidi kidogo, na shauri zima la upishi ni hili: kiazi kikawie humo kwa muda gani? Maji yanayotokota hukipitisha upesi, hasa kikiwa kimekatwa vipande. Majiko ya umeme ya mawimbi, ambayo watu wa mijini huyaona kuwa kilele cha ustaarabu, hukipitisha kwa dakika chache, na matokeo ni kiazi kilichoiva kisicho na ladha. Kokoto za mchuuzi wa Tokyo hukawiza moto. Majivu ya nyanya yako yalifanya kazi ile ile.

Naam, majivu ya nyanya yako. Maana hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Maarifa haya hayakuwa mageni kwetu. Wazee wetu walivianika viazi juani siku mbili tatu kabla ya kuvipika, wakijua kuwa vitaongeza utamu. Walivifukia katika majivu baada ya chakula cha jioni, vikaliwa asubuhi. Waliovipika chunguni walitia maji kidogo tu chini, wakavipanga vizima, wakavifunika kwa majani ya mgomba na kuacha mvuke ufanye kazi juu ya moto mdogo. Kisha tukapata sufuria nyembamba na haraka ya kwenda kazini, tukaanza kuvichemsha kama tunavyochemsha nguo. Tulipoona vimekuwa maji matupu tukasema kiazi si chakula, tukaenda kununua mkate.

Najua jibu ninalorushiwa hapa: mkaa ni ghali, na gesi ni ghali zaidi, nani atawasha jiko saa moja na nusu kwa ajili ya kiazi? Hoja hiyo ni ya haki, na Mjapani mwenye tanuri la umeme hawezi kutujibia. Lakini zipo njia mbili zisizomgharimu mtu lolote kubwa. Makaa yanayobaki jikoni baada ya ugali kusongwa hutupwa au huachwa yafe bure. Hayo yanatosha kuchoma viazi vinne vya wastani vikifunikwa vizuri na majivu. Anayechemsha naye atie viazi vizima, visivyomenywa, katika maji baridi, si ya moto, na apunguze moto ili maji yachukue nusu saa kabla hayajatokota. Avitoe mara mwiko mwembamba unapopenya. Tofauti ataionja mwenyewe. Mwenye sufuria nzito na kokoto safi anaweza kuzitandaza chini, aweke viazi juu, afunike na kuvigeuza kila robo saa juu ya moto mdogo. Mipasuko iliyojaa giza na harufu ya uchungu ni alama ya fukusi. Kiazi cha namna hiyo kitupwe, kwa kuwa uchungu ule una sumu na moto hauuondoi.

Kuna jambo jingine la Japani linalotuhusu, nalo si la jikoni. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili na miaka iliyofuata, mchele ulipoadimika, taifa zima liliishi kwa viazi. Hata uwanja wa mbele ya jengo la Bunge mjini Tokyo ulilimwa. Zilizopandwa kwa wingi ni aina za kuzaa sana, kubwa, zenye majimaji na zisizo na utamu, kwa kuwa kilichotakiwa ni kujaza matumbo. Wengi wa walioukulia wakati huo hawakutaka tena kukiona kiazi mezani maisha yao yote. Dharau yao ilikuwa na sababu. Iliyokiokoa kiazi ni kazi ya watu waliorudia aina tamu, wakajali namna ya kuhifadhi, wakakichoma inavyopasa. Sisi nasi tumerithi dharau ya namna hiyo, tukikiita chakula cha njaa na cha wazee, huku tukijidai kwamba ni desturi ya maendeleo.

Gharama ya dharau hiyo haimwangukii mlaji wa mjini peke yake. Mama wa Kabondo huko Homa Bay hujaza gunia hadi likavishwa kilemba cha nyavu, ile lumbesa tuijuayo, akalipwa bei ya gunia moja. Hawezi kungoja bei bora, kwa sababu fukusi hawangoji. Ndiyo maana wengi huviacha viazi ardhini na kuvichimbua kidogo kidogo, wakitafuta kwa mti palipopasuka tutani. Na nyufa hizo hizo, kiangazi kikiingia, ndizo mlango wa fukusi. Hapa lazima tuwe wakweli. Sehemu kubwa ya Japani haina mdudu huyo, na Okinawa aliko, viazi vibichi vimepigwa marufuku kusafirishwa kwenda kwingine nchini. Hatuwezi kuiga ghala lao la miezi mitatu kwa siku moja. Siku tano au sita za kufungisha vidonda katika kibanda chenye joto na unyevu, hilo tunaliweza. Joto lenyewe tumepewa bure kandokando ya Ziwa Viktoria.

Wala sisemi tuagize mbegu za Japani, ambazo bila kibali cha KEPHIS haziruhusiwi kuingia. Tunazo zetu. Tena, kwa mama mwenye mtoto mdogo, kiazi chenye rangi ya machungwa kina vitamini A nyingi ambayo kile cheupe hakina, na waliofanya kazi ya kukieneza barani Afrika walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Hicho nacho kipikwe polepole.

Kwa anayetaka kuhifadhi zaidi, mkoa wa Ibaraki hupika viazi kwa mvuke, ukavikata vipande vyembamba na kuvianika, vikawa vitamu na vya kutafunika kama tende. Karibu viazi vikavu vyote vya Japani hutoka huko. Wateso wa Busia na wenzao wa ng'ambo ya mpaka, Uganda, hukausha vyao vikiwa vibichi, na hivyo huviita amukeke. Sioni kwa nini kikundi cha akina mama hakijajaribu kuvitia mvuke kwanza, halafu kuvianika juu ya uchaga safi wakati jua likiwa kali.

Mnunuzi naye anaweza kuanza Jumamosi hii sokoni, kwa swali ambalo wengi wetu hatuliulizi: "Mama, viazi hivi vilichimbuliwa lini?" Akikujibu kuwa ni jana, usivikatae. Chagua vya wastani, visivyo na tundu, vinavyolingana unene ili viive pamoja. Usivioshe. Viache katika kikapu pembeni mwa jikoni, mbali na maji, hadi Jumamosi ifuatayo, ndipo uwashe jiko.